Sauti Ilikuwa ya Meredith

"Sasa kama hukuwa unaimba, mdomo ulikuwa unaufungua wa nini?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza mama yangu mzazi, Jumapili moja saa tisa na robo alasiri, kwenye maegesho ya magari nyuma ya ukumbi mmoja wa Houston, mbele ya watu kumi na watano waliokuja naye kutoka Arlington, upande wa Dallas, kwa ajili yangu, nami nimesimama katikati yao nimevaa aproni nyeupe yenye marinda. Nina shahada mbili za uimbaji. Napenda kubishana, nimebishana na maprofesa, na wachungaji, na watu wa bima, lakini swali lile lilinishinda. Nawasimulia nyinyi kwa sababu aibu ikikaa ndani muda mrefu inaoza, na hii yangu imeshaanza kunuka.

Ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa nimepata kazi kwenye kampuni ndogo ya opera kule Houston, nimepanga chumba Sugar Land kwa mama mmoja Mkenya, na kila mtu nyumbani Arlington alikuwa anajua kwamba binti wa Mama Wakesho sasa ni mtu wa opera. Opera, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayezungumza, mtu akitaka hata maji ya kunywa anaimba, tena kwa Kiitaliano, tena bila kipaza sauti. Kazi yangu mimi ilikuwa kava. Kava ni mwimbaji wa akiba. Unajifunza nafasi yote ya mwimbaji mkuu, kila noti, kila pumzi, kila hatua, unapimwa hadi magauni, halafu siku ya onyesho unakaa kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya jukwaa, umepasha sauti, unangoja mwenzako augue. Asipougua unarudi nyumbani. (Niliwahi kumuuliza mwalimu wangu chuoni kama huo si uchawi wa kulipwa mshahara, mtu kukaa anamuombea mwenzake mafua. Hakucheka.) Kwa ufupi nilikuwa spea, ile tairi ya kwenye buti, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na digrii.

Mwimbaji mkuu aliitwa Meredith. Mwanamke mkubwa, mpole, mwenye afya ya punda. Miezi mitatu sikumsikia akikohoa.

Sasa mngeuliza kwa nini sikuwaambia watu ukweli huo. Mama yangu anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na marafiki zake wote wanafanya kazi hiyo au uuguzi, na watoto wa marafiki zake wote wamesomea uuguzi. Anti Njoki, anayekaa mlango wa pili kutoka kwetu, ana mabinti wawili na wote ni manesi. Miaka sita mama alikuwa anaulizwa, kwa upole wa kanisani ambao unakata kuliko kisu, "Na huyu wako wa kuimba, atamaliza lini aanze kitu?" Na miaka sita alikuwa anajibu sentensi moja: "Siku atakayosimama pale mbele, mtanyamaza." Alikuwa ameweka heshima yake yote juu ya koo langu. Nilijua hivyo. Ndiyo sababu siku alipotangaza kanisani, baada ya ibada, watu wakiwa na chai mkononi, kwamba nimeingia opera, na Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akaniuliza, "Na wewe huko unafanya nini hasa?" nilimeza andazi langu nikasema, "Nimepewa nafasi ya mwimbaji mkuu, najifunza."

Hakuna uongo hata chembe katika sentensi hiyo. Iangalieni mnavyotaka. Uamuzi wote ulikuwa huo, mdogo kama andazi lenyewe.

Wiki mbili baadaye walikuwa wameshakodi basi dogo. Watakuja Jumapili ya onyesho la mchana, na kwa sababu Arlington hadi Houston ni saa nne na zaidi, ibada ya Jumapili hiyo ingefanyiwa ndani ya basi, Mzee Kilonzo akihubiri huku mwingine akiendesha. Watu waliomba ofu kazini. Mama Furaha, Mkongomani anayefanya kazi na mama yangu, alibadilishana shifti mbili na mtu asiyempenda. Nilipoona orodha ya majina kwenye simu, badala ya kusema ukweli hapo hapo nikafanya jambo la kijinga na la dharau: nikawatumia masharti. Msipige vigelegele. Msipige makofi mpaka wengine wapige. Msifungue chakula chenye karatasi inayolia. Msirekodi. Nilikuwa naogopa eti wao wataniaibisha mimi! Mzee Kilonzo alijibu kwa niaba ya wote: "Tumepokea. Opera si harambee, tutatulia."

Alhamisi nikaenda kwa Terrence. Terrence ndiye alikuwa msimamizi wa jukwaa, yule mtu anayejua nani anaingia lini na mlango upi. Binti aliyekuwa akiigiza mtumishi wa nyumba, asiyeimba wala kusema, alikuwa amepata udhuru Jumapili, nikamwambia Terrence mimi nitambebea sinia lake.

"Kava habebi sinia," akasema. "Kava anakaa chumbani."

"Jumapili moja tu. Mama yangu anakuja."

Akanitazama. "Umemwambia unaimba?"

"Nimemwambia nimo."

"Wakesho, mwambie ukweli. Ni rahisi kuliko aproni."

Alikuwa na haki, na mimi mtu mwenye haki mbele yangu huwa namchukia kidogo, nikambembeleza mpaka akachoka. "Sawa. Unaingia, unaweka sinia mezani, unatoka, unarudi chumbani kwako unakaa. Na husogei nje ya jengo hili mpaka onyesho liishe, hilo liko kwenye mkataba wako, sitaki kesi."

(Ndiyo, najua mnachofikiria. Msimu mzima nilikuwa nimelalamika kwamba mtu mweusi pekee anayeonekana katika opera ile ni mtumishi. Nilimwandikia mwongozaji wa mchezo barua pepe ya kurasa mbili, yenye aya nzuri sana. Halafu nikaenda kuiomba aproni kwa miguu yangu.)

Jumapili ikafika. Nikachungulia pembeni mwa pazia nikawaona, safu ya kwanza ya roshani, vitenge vimepangwa kama bustani, wametulia kuliko mtu yeyote ukumbini. Wazungu wa chini walikuwa wanatafuna peremende na kupiga soga. Watu wangu walikuwa wameweka mikono magotini. Mama alikuwa katikati, amevaa ile suti ya bluu ya mahafali yangu, ameinamia kijitabu cha onyesho anatafuta jina langu kwa kidole. Jina lilikuwepo, ukurasa wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, chini ya shukrani kwa wenye maua.

Nikaingia na sinia. Nikasikia roshani nzima inavuta pumzi kwa pamoja. Hawakupiga makofi, walishika masharti. Nikaweka sinia mezani. Hapo ndipo nilipaswa kutoka. Hatua saba hadi mlangoni, nilizihesabu kwenye mazoezi. Sikutoka. Nikalinyanyua sinia tena, nikasimama nyuma ya kochi kama mtumishi anayesubiri kuagizwa, na okestra ikaanza utangulizi wa wimbo mkubwa wa Meredith.

Mwelewe jinsi jukwaa lilivyokuwa. Mwongozaji wetu alikuwa kijana anayeamini kwamba mwimbaji akisimama wima ni ushamba, kwa hiyo wimbo ule Meredith aliuimba amelala kwenye kochi, uso ameugeuzia kwa mchumba, kisogo kwa watazamaji. Sauti inajaa ukumbi lakini mdomo wake huuoni. Nyuma ya kochi, katikati kabisa, taa zikiangaza, nimesimama mimi.

Na makava tuna tabia moja. Kwenye mazoezi, mwenzako akiimba, wewe pembeni unachezesha midomo bila sauti, noti kwa noti, ili wimbo usikutoke mwilini. Nilikuwa nimefanya hivyo miezi mitatu. Mdomo wangu ukaanza wenyewe, naapa, ule mstari wa kwanza ulianza wenyewe. Wa pili nilikuwa najua. Kufikia wa tatu nimeinua kidevu, napumua kwa mbavu, natetemesha taya kama tulivyofundishwa, mkono mmoja uko kifuani na mwingine umeshika sinia, natazama roshani moja kwa moja. Nikamwona mama anaweka kijitabu chini. Nikaona amefunika mdomo kwa viganja viwili. Anti Njoki alikuwa amemshika bega.

Nitasema jambo ambalo si zuri. Dakika ile ilikuwa tamu. Miaka yote ya kusoma sijawahi kuonja kitu kama kile, mama yangu ananitazama vile na mbele yangu okestra nzima inapiga. Mwongoza okestra alikuwa ameshaniona, macho yamemtoka, mzee mmoja wa safu ya mbele ananitazama mimi halafu kochi halafu mimi, na sikujali.

Kisha, kwenye noti ya juu kabisa, pale ambapo wimbo mzima unapandia, sauti ikakatika.

Haikufifia. Ilikatika, kama mtu aliyefunga bomba. Okestra ikaendelea peke yake, na katika ule uwazi mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo mpaka mwisho, taya linatetemeka, kichwa nimerudisha nyuma, mkono kifuani, sinia hewani, na hakuna kinachotoka. Nilikaa hivyo labda sekunde tano. Noti ile ilikuwa yangu, niliijua, ilikuwa imekaa pale pale kooni. Sikuitoa. Kwa nini sikuitoa nimejiuliza mara nyingi kuliko ninavyojiuliza kuhusu Mungu. Mtu mmoja chini akacheka kwa pua. Wa pili akafuata. Halafu ukumbi mzima ukacheka, wakidhani ni kichekesho kilichopangwa, na Meredith akaokota wimbo kwa sauti ya chini iliyokwaruza, akaumaliza, nami nikatoka zile hatua saba huku bilauri zikigongana kwenye sinia kama meno.

Pazia la mapumziko lilipofungwa sikurudi chumbani. Sikuweza kumtazama Terrence. Nilipita mlango wa nyuma, simu na nguo zangu nimeziacha, nikatoka kwenye maegesho nipate hewa, na huko nikawakuta wote. Walikuwa wameteremka kunipongeza.

"Wakesho woyee!" Mzee Kilonzo alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Binti yangu, sauti ile ni ya Mungu mwenyewe. Nilihubiri leo asubuhi, lakini wewe ndiye umehubiri."

"Na ulivyowachekesha wazungu!" akasema mwingine. "Pale ulipojifanya sauti imekwisha, yaani!"

Mama Furaha alikuwa amekunja uso. "Mutoto yako iko naimba muzuri sana, Mama Wakesho," akamwambia mama. "Lakini juu ya nini banamubebesha plato?"

"Ni mchezo," mama akamjibu, anacheka, machozi yanamtiririka. "Ni mchezo tu, Mama Furaha." Akanikumbatia na aproni yangu. "Nilikwambieni," akasema, haniambii mimi, anawaambia wao, juu ya bega langu. "Si nilikwambieni?"

Nami nikasema, "Asanteni." Sikilizeni hilo neno. Nilikuwa na nafasi nyingine ya kusema ukweli, nikasema asanteni.

Anti Njoki ndiye aliyevunja sharti moja tu kati ya yote. Alikuwa amerekodi. Akatoa simu, akasema, "Njooni tuone tena, hata mume wangu anataka kuona," wakakusanyika, vichwa vimegusana, na nikasikia sauti ya Meredith ikitoka kwenye kile kisimu, ndogo kama ya nyuki. Nilikuwa nahesabu. Nilijua itafika. Ikafika.

"Ngoja," akasema Anti Njoki. Akarudisha nyuma. "Hapa sauti imeenda wapi?"

Wakatazama tena. "Na hapa imerudi," akasema polepole, "mdomo umefunga. Wakesho. Umefunga mdomo na sauti inaendelea."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya. Nikawaeleza pale pale, haraka haraka, kava ni nini, Meredith ni nani, sinia niliomba mwenyewe. Nilipomaliza mama alifuta uso kwa mkono wa suti, ndipo akaniuliza lile swali, akasubiri kidogo, kama anavyowasubiri wale wazee wake wanaposahau jina lao.

"Panda gari," akasema.

"Mama, simu yangu iko ndani. Na siruhusiwi ku..."

"Panda gari, Wakesho."

"Na sehemu ya pili?" Mzee Kilonzo akauliza, maskini, tiketi bado iko mkononi.

"Ya nini?" mama akasema. "Aliyetuleta si huyu hapa?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nikapanda gari.

Asubuhi walikuwa wameimba njia nzima, waliniambia baadaye. Jioni ile hakuna aliyeimba. Saa nne za barabara, watu kumi na watano na mama yangu, na adabu yao ilikuwa kubwa hata hawakunisema. Mama Furaha alifungua kitenge chake cha pili akanifunika aproni. Tuliposimama kujaza mafuta nilishuka kwenda msalani, kitenge nimekiacha kitini, aproni iko nje, mzee mmoja mwenye kofia pana akanigusa kiwiko, akaniuliza, "Dada, karatasi za kufutia mikono mmeziweka wapi?" Nikamwonyesha. Mama alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Aliona.

Jumatatu kampuni ilinitumia barua ya kunifuta kazi, mistari mitatu. Sikuisoma hata mara mbili, nilijua kosa langu ni lipi. Nilitumiwa vitu vyangu kwa posta. Baada ya hapo nilienda kujaribiwa sauti mara nne, Dallas na Fort Worth, na kila mara nikifungua mdomo nilikuwa naona ile video, basi nikaacha. Nikapata kazi Plano, ofisi ya bima, kupokea simu za watu waliogonga magari. Wanasema nina sauti nzuri.

Mama hajawahi kulirudia jambo lile. Akiulizwa kanisani, "Na yule wako wa kuimba?" anajibu, "Yuko ofisini Plano," kwa sauti ya kawaida kabisa, na Anti Njoki anageuza mazungumzo haraka, kwa huruma. Huruma ya Anti Njoki ndiyo adhabu yangu, na haina kikomo. Kama kuna funzo mtalichukua wenyewe. Mimi nimejiwekea kiapo kimoja tu: hata kanisani, wimbo nisioujua nafunga mdomo. Watu wanadhani nimekasirika. Waache wadhani.

Mwaka 2020 kumbi zote zilifungwa kwa korona, waimbaji na wapiga violini wakabaki majumbani, na siku moja Terrence akanipigia simu, kwa aibu, kuuliza kama kampuni yetu ya bima inaajiri watu wa kupokea simu. Nikamwambia nitamuulizia. Tukaongea. Nikamwomba msamaha kwa sinia, nikamwambia nilistahili kufukuzwa kwa ule upuuzi wa mdomo.

"Mdomo?" akasema. "Hakuna aliyekufukuza kwa mdomo. Hukuwepo."

Ndipo akanieleza. Meredith alikuwa na homa tangu asubuhi ile na hakumwambia mtu. Mapumziko yalipoanza hakuweza tena kutoa hata neno, akaandika kwenye karatasi kwamba sehemu ya pili niimbe mimi, na mwongoza okestra akakubali. Walichelewesha pazia kwa dakika ishirini na tano, gauni lenye vipimo vyangu limeshapigwa pasi na kutundikwa, yeye Terrence akikimbia chumba hadi chumba akiita jina langu.